Picha za hadubini zafichua siri za miamba ya Port Reitz

UKIVUKA kutoka kisiwa cha Mombasa kuelekea Port Reitz, mwamba ulio chini ya miguu hubadilika. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye umri wa zaidi ya miaka 100,000, ambayo ndiyo yaliyotumiwa kujenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593.

Upande wa Changamwe na Port Reitz kuna mwambatope, yaani tope la bahari lililoshikamana tangu enzi ya Jurasiki, yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Kwa mwenye kujenga, tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Tumbawe limejaa vitundu na hufyonza maji ya chumvi; maji yakikauka, fuwele za chumvi hukua ndani na kulibambua jiwe. Mwambatope nao una udongo wa mfinyanzi, ambao baadhi ya aina zake hufura wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, hali inayoweza kupasua misingi na kuta.

Ili kupima vitundu, fundi wa maabara hukata kipande cha jiwe, akakijaza gundi ya rangi ya buluu, kisha akakisugua juu ya kioo hadi kibaki na unene wa milimita 0.03, wembamba unaopitisha mwanga. Zamani mtaalamu alihesabu kwa macho, nukta baada ya nukta. Sasa kamera hupiga picha na tarakilishi huhesabu. Nukta 200,000 kati ya milioni moja zikiwa za buluu, basi uwazi ni asilimia 20. Programu ya ImageJ, iliyotolewa bure nchini Marekani mwaka 1997, yatosha kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, tarakilishi haijui buluu inaanzia wapi. Huamuliwa na aliyeketi mbele yake. Akilegeza mpaka huo kidogo, jiwe lile lile huonekana bovu zaidi. Tena tumbawe halilingani: kipande kimoja chaweza kuangukia pango la kombe, na jirani yake kikawa kigumu tupu. Ndiyo maana picha moja haifai kutolewa hukumu.

Kwa mwambatope tatizo ni kubwa zaidi. Vitundu vyake vingi havionekani kwa hadubini ya mwanga, hivyo huhitaji ile ya elektroni. Nao udongo unaofura hutambuliwa kwa miale ya eksirei, na kiasi cha kufura kwake hupimwa kwa kuulowesha maji.