Chawia Yaandaa Ligi ya Namba: Nani Bingwa?

Milima hushindana kwa urefu, kaunti kwa wingi wa watu. Leo zamu ni ya namba zenyewe, na uwanja wa nyumbani ni wadi ya Chawia, Taita Taveta. Filimbi ishalia!

1. Mkaidi kupindukia: 340,671

Ndio wakazi wa Taita Taveta kwa sensa ya 2019. Wagawe sawasawa kwa maeneo bunge 4: wanabaki 3. Wagawe kwa wadi 20, Chawia ikiwemo: kila wadi 17,033, na wanabaki 11, timu kamili ya soka isiyo na uwanja. Sasa jumlisha tarakimu: 3+4+0+6+7+1 ni 21. Kwa kuwa 21 hugawika kwa 3, namba nzima nayo hugawika kwa 3. Jibu ni 113,557, na safari imeishia hapo, kwani hiyo ni namba tasa. Namba tasa 67 za mwanzo, kutoka 2 hadi 331, zinaijaribu moja moja na zote zinaacha baki. Ya 68 ni 337, na 337 mara 337 ni 113,569: tumeshapita 113,557. Mkaidi ameshinda.

2. Mkarimu kuliko wote: 2,208

Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Taita, kina mita 2,208. Kwa urefu hakifui dafu mbele ya Kilimanjaro (5,895) wala Mlima Kenya (5,199). Lakini hesabu namba zinazogawa kila urefu bila baki: Mlima Kenya 4, Kilimanjaro 12, Vuria 24! Majitu mawili yakiunganisha nguvu bado yanapigwa na mtoto wa nyumbani.

3. Baki tamu zaidi: 47,564,296

Hao ni Wakenya wote wa sensa hiyohiyo. Wagawe kwa kaunti 47: kila moja inapata 1,012,006, karibu mara 3 ya wakazi wa Taita Taveta. Wanabaki 14, abiria wa kujaza matatu moja barabara, bila wa kusimama.

4. Jitu la majitu

Zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 2 zote 136,279,841, kisha toa 1. Namba tasa hiyo aliigundua Mmarekani Luke Durant, ikatangazwa Oktoba 2024. Ina tarakimu 41,024,320, zaidi ya milioni 16 juu ya bingwa aliyeitangulia, wa 2018. Mbebeshe kila mkazi wa Taita Taveta tarakimu 120, na 143,800 zitakosa mbebaji. Ziandike kwa nafasi ya sentimita 1 kila moja kuanzia Mombasa: utapita Voi, Mtito Andei na Makindu, kilomita 410 za wino!

Hata hivyo taji hilo ni la kuazima. Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kuwa namba tasa hazina mwisho. Mkubwa wake yupo. Kazi ni kumkamata.