Punda na Bwana Wake

Watu husema tangu zamani ya kuwa shukrani ya punda ni mateke. Neno hili limemponza sana mnyama huyu, maana mwenye kuliamini huanza kwa fimbo, na aanzaye kwa fimbo hupata mateke kweli. Yafaa basi tutazame tabia ya punda ilivyo, ndipo tujue namna ya kumtawala.

Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi hafanyi hivyo. Aonapo jambo asilolielewa husimama kabisa na kulitazama. Wasiojua huita jambo hilo ukaidi. Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za Balaamu, aliyempiga punda wake mara tatu kwa kuwa alikataa kwenda, kumbe punda alimwona malaika mwenye upanga njiani, na bwana wake hakumwona. Basi punda wako akisimama, usiinue fimbo, tazama kwanza. Pengine daraja linatikisika, au jiwe limeingia ukwatoni, au mgongo una kidonda chini ya shogi. Ondoa sababu hiyo, naye atakwenda. Ikiwa ni woga tu, mpe nafasi ya kunusa, au punda mwenzake aliyezoea njia na atangulie mbele.

Heshima ya punda kwa bwana wake huanza kabla ya mzigo. Mwendee kwa upande wa bega, wala si kwa nyuma, maana macho yake yako pande mbili za kichwa, na nyuma yake kabisa haoni. Akiguswa huko ghafula hurusha teke ili kujilinda. Sema naye kwanza, ndipo umguse. Kisha mvike hatamu ya kamba, uivute kidogo. Akipiga hata hatua moja, ilegeze papo hapo. Kule kulegeza ndiko thawabu yake, na ndiko kunakomfundisha. Avutaye asilegeze humfundisha kushindana, na katika kushindana kwa nguvu punda hushinda. Mafunzo mafupi ya kila siku yafaa kuliko mafunzo ya kutwa nzima mara moja kwa juma.

Wala mtu asidhani upole ni kumwacha afanye apendavyo. Punda akikusukuma kwa bega ili apate chakula, usimpe mpaka arudi nyuma na kutulia. Neno la kumwendesha liwe moja, na la kumsimamisha liwe moja, na watu wote wa nyumbani, hata watoto, watumie maneno hayo hayo. Bwana aliye hivi leo na vile kesho hapati heshima kwa mnyama, kama asivyoipata kwa watu.

Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba mtu asimshughulikie mnyama akiwa na hasira. Onyo hilo lingali kweli. Punda apigwaye baada ya kosa kupita hajui apigwa kwa nini. Ajualo ni kwamba mtu huyu ni hatari.

Katika mzigo nako uongozi huonekana. Usimtwike punda mchanga ambaye mifupa yake haijakomaa. Ngoja atimize miaka mitatu au minne. Anza na gunia tupu, uongeze kidogo kidogo. Madebe mawili ya maji, moja kila upande, yapata kilo 36, nao ni mzigo wa kutosha kwa punda wa kwetu.

Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kukataza kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, kwa kuwa wanyama hawa walikuwa wakipungua. Punda jike huchukua mimba kama mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Kwa hiyo punda aliyeharibiwa kwa mapigo hapatiwi badala yake upesi, na siku afapo, maji na kuni hurudi vichwani mwa mama zetu. Bali atunzwaye vema aweza kuishi miaka 25 na zaidi, akimfuata bwana wake kwa kamba iliyolegea.