Mkono wa Tromboni: Namna ya Kuboresha Matumizi ya Slaidi



Miaka michache iliyopita, katika maandamano ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, bendi yetu ya seminari ilipiga wimbo ambao kila muumini anaujua tangu utotoni, na bado watu walishindwa kuuimba. Tarumbeta zilikuwa sawa na ngoma zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa tromboni ya pili. Kila ilipotoka noti moja kwenda nyingine ilipitia kwanza sauti zote zilizo katikati, ikilia kama ng'ombe anayemtafuta ndama wake, na waimbaji wa sauti ya tatu hawakujua tena washike noti ipi. Akina mama wa mstari wa mbele walicheka kwa adabu, wakiziba midomo kwa khanga. Jioni ile sisi tunaosimamia muziki tulikaa kikao kifupi, tukaamua kwamba mpigaji wake, kijana wa kidato cha pili, apumzishwe. Sababu tuliyoitoa ilikuwa kwamba hana sikio.

Sababu hiyo haikuwa ya kweli. Tunaandika makala hii kwa ajili ya kosa lile, na kwa ajili ya bendi yoyote ya parokia ambayo tromboni yake imewekwa stoo kwa kuwa "inasumbua".

Tuanze na ala yenyewe. Tarumbeta ina vibonyezo vitatu, na kila kibonyezo hufungua kipande cha bomba ambacho fundi wa kiwandani alikwisha kukipima. Tromboni ya kawaida haina vibonyezo. Ina slaidi, yaani bomba la nje linaloteleza juu ya mabomba mawili ya ndani, na mpigaji ndiye anayepima urefu kila mara anapopiga noti. Kuna nafasi saba, kuanzia ya kwanza ambapo slaidi imerudishwa karibu kabisa, hadi ya saba ambapo mkono umenyooka mpaka mwisho. Hakuna alama yoyote iliyochorwa kuonyesha nafasi hizo ziko wapi.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba nafasi hizo zina umbali sawa. Hazina. Bomba lote la tromboni ya B flati lina urefu wa karibu meta 2.7. Ili sauti ishuke nusu toni, bomba linapaswa kurefuka kwa karibu asilimia 6 ya urefu lililo nao wakati huo. Kwa kuwa slaidi ina miguu miwili, mkono husogea nusu tu ya urefu unaoongezeka. Kwa hiyo kutoka nafasi ya kwanza kwenda ya pili ni kama sentimita 8. Lakini bomba likisharefuka, asilimia 6 yake nayo inakuwa kubwa zaidi, hata kutoka ya sita kwenda ya saba ni karibu sentimita 11. Mpigaji anayehesabu sentimita 8 kila hatua atafika nafasi ya sita akiwa na upungufu wa sentimita 5 hivi. Huo ni upungufu wa karibu nusu ya nusu toni, na sauti itakuwa juu kiasi cha kumkera hata asiyejua muziki.

Sasa tazama skeli ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi, do ya B flati ya chini kupanda hadi do ya juu yake. Nafasi zake ni 1, 6, 4, 3, 1, 4, 2, 1. Mwimbaji anapotoka do kwenda re anapanda ngazi moja ndogo. Mpigaji wa tromboni kwa hatua hiyo hiyo anasafiri sentimita 46, karibu nusu meta, halafu anatakiwa asisikike akisafiri. Ndiyo maana tunasema ugumu wa ala hii hauko mdomoni peke yake.

Lakini kabla ya kulaumu mkono, angalia slaidi. Sisi hatukufanya hivyo. Tulimpa mpigaji mwingine tromboni ile ya pili, kijana mkubwa tuliyemwamini, naye baada ya wiki mbili akaanza kuburuta vilevile. Ndipo padre mlezi wa muziki alipoivua slaidi, akaipitisha kidole na kukitazama: kilikuwa na rangi ya chungwa. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameilainisha kwa mawese. Sisi watu wa Kigoma tuna michikichi na hatuoni kazi ambayo mawese hayawezi kuifanya. Kumbe mafuta yale yalikuwa yameganda, yakashika vumbi la njia ya Mwanga na mchanga laini wa ufukweni, na nafasi kati ya bomba la nje na la ndani ni nyembamba karibu kama unene wa unywele. Kijana wa kidato cha pili alikuwa akisukuma ugali.

Kuijaribu slaidi ni rahisi. Isimamishe wima, mabomba ya ndani yakiwa juu, halafu iachie ile ya nje huku mkono mwingine ukiingoja chini. Inapaswa kushuka yenyewe kwa uzito wake, bila kusitasita. Ikikwama, ingiza mguu mmoja tu wa bomba la ndani ndani ya mwenzake wa nje, kisha jaribu mguu wa pili. Mguu mmoja ukikwama peke yake, hapo pana uchafu au bonde. Kila mguu ukiteleza vizuri peke yake lakini yote miwili pamoja inakwama, basi miguu imepinda na haiendi sambamba tena. Hilo si la kumpelekea fundi bati, hata awe stadi namna gani wa kunyoosha masufuria. Linahitaji fundi wa ala.

Uchafu tunauondoa wenyewe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya maji, kamwe si maji yanayochemka kwa kuwa huharibu rangi ya nje. Kitambaa kisichoacha nyuzi kifunike ncha yote ya fimbo ili chuma kisikwaruze ndani. Unaposugua mguu mmoja, shika mguu huohuo, usishike ule mwingine, maana hapo ndipo wengi wanapoipinda slaidi wakidhani wanaisafisha. Baada ya kukausha, paka krimu ya slaidi kidogo sana kwenye ncha za mabomba ya ndani, kisha nyunyizia maji safi yaliyochujwa. Kosa la kawaida ni kupaka nyingi. Na usisahau kufunga loki unapoiweka chini: slaidi inayoponyoka na kugonga sakafu ya saruji ni hasara ya bendi nzima.

Tulipomaliza kazi hiyo tulimwita yule kijana, tukamwomba radhi, tukamrudishia ala yake. Hapa ingekuwa vizuri kusema kwamba alipiga kama malaika. Hakupiga hivyo. Alikuwa bado anaburuta, ingawa kidogo, kwa sababu miezi ya kupambana na slaidi nzito ilikuwa imemfundisha mkono mbaya. Tukaanza upya naye, na tulichojifunza ni hiki.

Mkono wa kushoto ndio unaobeba tromboni yote. Kama kushoto ni legevu, kulia kutasaidia kubeba, na mkono unaobeba hauwezi kuteleza. Tunamwambia mwanafunzi aondoe kabisa mkono wa kulia na asimame hivyo dakika moja, loki ikiwa imefungwa, ala ikiwa mdomoni. Akishindwa, tatizo limejulikana. Mkono wa kulia unashika mwamba wa slaidi kwa kidole gumba na vidole viwili tu, kwa wepesi. Kiwiko na kifundo cha mkono viwe huru. Wavuvi wa Kibirizi wanaotumia mshipi hawasukumi chambo kwa bega. Wanakirusha, na kifundo cha mkono kinafuata. Mwendo wa kwenda nafasi ya sita unafanana na huo. Kijana mwenye mikono mifupi asikaze kiwiko, aruhusu vidole vifike mbele na bega lizunguke kidogo.

Kisha wakati wa kusogea. Hili ndilo tunalolirudia hadi vijana wanachoka nasi. Anayeanza huwa na hofu ya kuchelewa, basi anaanza kusogeza slaidi mapema na polepole, na njia yote inasikika. Inatakiwa kinyume chake: kaa juu ya noti mpaka thamani yake iishe, halafu sogea kwa haraka, ufike na usimame. Hata wimbo uwe wa taratibu namna gani, slaidi haisogei taratibu. Pumzi isikatike wakati mkono unasogea. Ulimi uguse kwa upole, kama kutamka "da", ili kufunika ule upenyo mdogo kati ya noti mbili zilizounganishwa. Tunatumia programu ya metronomu kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika: noti moja mapigo manne, mkono usisogee hadi mwisho kabisa wa pigo la nne. Dakika kumi za zoezi hili kila siku zilimsaidia yule kijana kuliko nyimbo ishirini.

Pia si lazima kila noti ipigwe mahali pamoja. Mi iliyo juu ya do ya katikati iko nafasi ya kwanza, lakini iko pia ya nne. Do hiyo ya katikati iko ya kwanza na ya tano. So iliyo chini yake iko ya kwanza na ya sita. Ukipiga re, mi, fa kwa mwendo wa haraka, ukienda 3, 1, 3 mkono unakimbia kwenda na kurudi. Ukienda 3, 4, 3 unasogea kidogo tu.

Nafasi hizo mbili za mi hazilingani kabisa, na hapa tunafika kwenye jambo tunalolipenda zaidi. Mi ya nafasi ya kwanza, kwa maumbile ya bomba lenyewe, iko chini ya mi ya kinanda kwa senti 14, karibu sehemu ya saba ya nusu toni. Ukipiga na kinanda cha umeme inasikika imelegea, na huwezi kuirekebisha kwa kuvuta slaidi ndani kama umekwisha kuigotesha. Ndiyo sababu wapigaji wazoefu huacha nafasi kidogo hata katika ya kwanza. Lakini kwaya inapoimba bila kinanda, watu waliozoea solfa na kusikilizana huelekea kuiweka mi chini hapohapo bila kuambiwa, kwa sababu ndipo akodi inapotulia. Tromboni inaweza kuwafuata. Kinanda hakiwezi.

Huenda hiyo ni sehemu ya sababu ala hii iliingia kanisani mapema. Mwishoni mwa karne ya 16 Giovanni Gabrieli aliandika nyimbo za sauti na tromboni kwa Basilika la Mtakatifu Marko, Venice. Huko Salzburg katika siku za Mozart, tromboni tatu zilisindikiza alto, tenori na besi za Misa noti kwa noti. Kwetu Afrika Mashariki ala za shaba zilikuja kwa milango mingi: wamisionari wa Kilutheri na Kimoraviani kutoka Ujerumani, bendi za majeshi ya kikoloni, na ngoma ya beni iliyoanzia miji ya pwani kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikaenea bara. Tukiri tu kwamba katika matarumbeta ndugu zetu Walutheri bado wanatutangulia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium namba 120 ya mwaka 1963, uliipa ogani heshima ya kwanza lakini ukaruhusu ala nyingine zinazofaa kwa ibada, kwa idhini ya mamlaka husika. Tromboni inayoburuta, hilo neno "zinazofaa" linaipa shida.

Sikio basi linafundishwaje? Kwa kuimba kwanza. Mwanafunzi aimbe mstari kwa solfa huku akisogeza slaidi bila kupuliza, kisha ndipo apulize. Halafu afumbe macho, atafute nafasi ya tatu, apige, ndipo atazame programu ya kupimia sauti. Wapo wanaotumia mdomo mpana wa ala kama alama: nafasi ya tatu iko kabla yake kidogo, ya nne imepita kidogo. Ni msaada wa mwanzo tu, kwa maana ukiinamisha kichwa alama inahama. Tena sauti yenyewe hubadilika na joto. Tromboni iliyokaa juani wakati wa mahubiri hupanda, na mkono uliozoea ukumbi wa mazoezi utakosea usiposikiliza. Siku hizi tunaziweka kivulini mpaka zamu yake ifike.

Kutembea ukipiga ni somo jingine. Kwa sasa tunawaambia vijana waache mita mbili mbele yao, wakunje magoti kidogo kwenye mteremko, na katika maandamano wachague nafasi za karibu pale zinapopatikana. Krimu tuliagizia Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Kopo ni dogo, ila kwa kipimo tulichoeleza bado tunalo lilelile, na linakaa kwenye droo ya sakristia, mbali na jikoni.