Chembe za Mwili Zinapoitana: Kichocho cha Matumbo

Leo tunazungumza juu ya kichocho cha matumbo, maradhi yaliyo jirani ya sisi sote tukaao kandokando ya Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi Ukerewe. Wengi wetu huwalaumu minyoo peke yao. Lakini madhara makubwa ya maradhi haya hutokana na ujumbe ambao chembe za mwili wetu wenyewe hupelekeana.

Kijidudu chake hutoka kwa konokono wa majini, kikapenya ngozi ya mtu aingiaye ziwani. Minyoo wakiisha kukua, dume na jike hukaa pamoja katika mishipa ya damu iliyo karibu na utumbo. Hata wao huzungumza kwa kemikali: mwaka 2022 wataalamu walieleza kemikali itolewayo na dume, ambayo humfanya jike akomae na kutaga. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 300 kwa siku.

Baadhi ya mayai hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa huko. Yai lililonasa hutoa vitu ambavyo chembe nyeupe za damu huvitambua. Chembe haina mdomo; hunena kwa kumwaga kemikali, na mojawapo huitwa interlukini. Kemikali hiyo husambaa mpaka ikutane na chembe yenye kipokeo kinacholingana nayo, mfano wa ufunguo na kufuli. Isiyo na kufuli hiyo haisikii neno. Zisikiazo huja zikalizingira yai ndani ya kinundu, na kwa kufanya hivyo huliokoa ini na sumu yake.

Taabu ni kwamba mayai mapya huja kila siku, na wito haukomi. Interlukini ya 13 huziamuru chembe za ini zitengeneze nyuzi za kovu. Iko pia interlukini ya 10, ambayo kazi yake ni kutuliza, lakini si kila mara hushinda. Miaka ikipita, kovu huibana mishipa iletayo damu ndani ya ini. Bandama huvimba, mishipa ya umio hutanuka, na siku moja hupasuka: mtu aliyelala mzima huamka akitapika damu. Madaktari wa Bugando, pale kilimani Mwanza, wanalifahamu jambo hili.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo wakubwa. Wakifa, mayai mapya hayaji na wito hupungua. Kovu changa laweza kufifia. Kovu kongwe ni shida. Kwa hiyo dawa wapewayo watoto shuleni tusiidharau, ijapokuwa ni chungu na huwachefua wengine. Wala haimkingi mtu asiambukizwe tena.

Na wale wanaotawadha ziwani, tunawashauri wayateke maji na kuyaweka siku mbili katika chombo kisicho na konokono. Muda huo ukipita, vijidudu vipenyavyo ngozi huwa vimekwisha kufa.