Jua la Jioni Mpakani na Mapazia Yanayojiendesha

Ukiwa Busia au Malaba upande wa Kenya, Uganda iko magharibi. Kwa hiyo dirisha la ofisi linalotazama mpakani, ambalo karani angelipenda ili aone foleni ya malori inavyosogea, ndilo linalopigwa na jua la jioni. Kuanzia saa kumi mwanga huingia kwa kuinama, hutua juu ya kompyuta, na maandishi hayasomeki tena. Kule Sio Port, Mto Sio unakoingia Ziwa Viktoria, adha huzidi kwa ofisi zinazotazama maji, kwa sababu ziwa nalo huurudisha mwanga madirishani.

Adha hii imeongezeka kadiri kazi ilivyohama kutoka karatasi kwenda kompyuta. Katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, maafisa wa nchi mbili huhudumu chini ya paa moja, na hati za mizigo hupita kwa mitambo. Mawakala wa forodha mjini nao hushinda mbele ya kompyuta.

Dawa iliyozoeleka ni kushusha pazia na kuwasha taa. Jua hutua, pazia likabaki chini. Kesho yake asubuhi, wakati upande wa magharibi hauna jua kabisa, pazia liko palepale na taa zinawaka. Watafiti wanaochunguza ofisi tangu miaka ya 1970 wamekuta tabia hiyo katika nchi nyingi: mtu huteremsha pazia upesi akiumia macho, ila hukumbuka kulipandisha kwa nadra. Stima inalipiwa huku mwanga wa bure ukizuiwa nje.

Na mwanga huo ni mwingi mno. Viwango vya Ulaya vinataka luksi 500 juu ya meza ya kusomea na kuandikia. Jua kali la adhuhuri hutoa karibu luksi 100,000. Ikiruhusiwa sehemu ndogo tu ya mwanga huo, bila miale kumfikia mtu machoni, taa nyingi zinaweza kuzimwa mchana.

Hapo ndipo mapazia ya mota yanapoingia. Kihisi hupima mwanga, programu hujua jua liko wapi saa hiyo, pazia hushuka au kupanda, na taa za ndani hufifia au kukolea ili kufidia. Jengo la gazeti la New York Times, lililochorwa na Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2007, hutumia mfumo wa aina hiyo. Karibu na nyumbani, ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi 1,200. Mwanga wa jua hushuka katikati ya jengo kupitia paa la kioo, taa hujirekebisha zenyewe, na paa limetandazwa mita za mraba 6,000 za paneli za sola.

Lakini mfanyakazi je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia mapazia ya mota katika ofisi 40 nchini Uholanzi. Wengi wa waliokuwa humo waliuzima kabisa mpangilio wa kujiendesha, wakawa wanabonyeza swichi wenyewe. Mota walizipenda. Walichokataa ni pazia kuamua bila wao. Kihisi kilichofungwa ukutani hakijui kwamba mtu anazungumza na mteja, kwamba macho yake yamechoka, au kwamba anataka tu kuona nje.

Mpakani kuna jambo la ziada. Ukanda wa Ziwa Viktoria una ngurumo za alasiri nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Jua kali huweza kumezwa na wingu jeusi, kisha likachomoza tena. Mfumo unaofuata kila badiliko utapandisha na kushusha pazia mpaka watu wachoke. Ndiyo maana mafundi hutega muda wa kusubiri kabla mota haijasogea. Pia stima hupotea. Pazia lisilo na kamba ya mkono hukwama hapo hapo lilipofika.

Kwa ofisi ndogo ya Funyula au Sio Port, kazi kubwa inaweza kufanywa na ramani ya jengo kabla ya kununua mota yoyote. Eneo hili liko chini ya nyuzi moja kutoka ikweta, na saa sita mchana jua haliteremki zaidi ya nyuzi 24 hivi kutoka utosini. Madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa na upenu wa kawaida. Ya mashariki na magharibi hayakingiki hivyo. Hayo yafanywe madogo, yawekewe veranda pana, au yapandiwe miti mbele.

Anayejenga jengo kubwa zaidi, na akaamua kuweka mitambo, ana haki ya kumuuliza fundi maswali manne kabla ya kulipa. Je, kila chumba kina swichi yake? Nikilipandisha pazia kwa mkono, mtambo utaniachia kwa muda gani? Mota ina kelele kiasi gani? Stima ikipotea, nitalifungua vipi? Na anayekaa karibu na dirisha aulizwe mapema, wakati michoro bado inaweza kubadilishwa.