Kiwiko Kilichovunjika: Kisu cha Mganga Chafaa Lini?

Mkono una kazi nyingi, nacho kiwiko ndicho bawaba yake. Kikikataa kukunjika, hatuwezi kupeleka tonge kinywani wala kunawa uso. Kikikataa kunyoka, jembe na baiskeli vyatushinda. Kwa hiyo mtu mzima aliyeanguka toka mchikichi au toka pikipiki, akavunjika kiwiko, hujiuliza: Je, mkono wangu utafanya kazi tena? Leo twataka kueleza jinsi wapasuaji wanavyolijibu swali hilo.

Mifupa mitatu

Mifupa mitatu yakutana kiwikoni. Wa kwanza ni mfupa wa mkono wa juu. Wa pili watoka upande wa kidole cha mwisho, nao ndio wenye ncha ile tunayoiegemeza mezani. Wa tatu watoka upande wa kidole gumba. Una kichwa cha mviringo kinachozunguka tunapogeuza kiganja. Tena nyuma, upande wa ndani, wapita mshipa wa fahamu, ule ambao ukigongwa hutia ganzi mpaka kidole cha mwisho.

Adui ni ugumu

Kiungo hiki kina tabia moja mbaya: kikifungwa muda mrefu hukakamaa. Mtu aliyefungwa plasta majuma mengi aweza kukuta mfupa umeunga, lakini mkono haukunjiki. Basi mpasuaji hatumii kisu ili mfupa uunge tu. Ataka uwe imara upesi, mgonjwa aanze kukunja na kunyosha mkono baada ya siku chache.

Wazo hili lilikuzwa sana na Wabelgiji. Albin Lambotte, mpasuaji wa Antwerpen, ndiye aliyeipa kazi ya kuunga mifupa kwa vyuma jina la osteosintesi, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1949 Robert Danis wa Brussels alitoa kitabu chake juu ya kubana vipande vya mfupa kwa nguvu, ili viungo vipate kutembezwa mapema. Mswisi Maurice Müller alimtembelea mwaka 1950. Na mwaka 1958 yeye na wenzake walianzisha chama kiitwacho AO, ambacho mafundisho yake yameenea duniani.

Kila mvunjiko na dawa yake

Ncha ya kiwiko ikikatika, msuli wa nyuma hukivuta kipande juu, na mgonjwa hawezi tena kunyosha mkono kwa nguvu. Kama mvunjiko ni mmoja na safi, mpasuaji huingiza pini mbili nyembamba, akazifunga kwa waya uliopindwa kama tarakimu 8, ili msuli usitenganishe vipande. Kama mfupa umesagika, huweka bamba la chuma lenye skurubu. Lakini kwa mzee asiye na kazi nzito, mara nyingi yafaa kuacha kisu.

Kichwa cha mfupa wa upande wa gumba kiligawiwa aina tatu na mganga Mason mwaka 1954. Kikipasuka bila vipande kuachana, yatosha kutundika mkono kwa kitambaa siku chache, kisha kuutembeza. Vipande vikiachana, skurubu ndogo huweza kuvirudisha. Kikisagika kabisa, huondolewa au hubadilishwa kwa kichwa cha chuma. Ikiwa kano nazo zimekatika, kuondoa tu hakufai, kwa maana kiwiko kitayumba.

Mvunjiko wa mwisho wa mfupa wa juu ndio mgumu kuliko yote. Mara nyingi hutakiwa mabamba mawili, na mshipa wa fahamu hulindwa kwa uangalifu mkubwa. Mzee ambaye mifupa yake ni dhaifu aweza kuwekewa kiwiko cha bandia. Lakini kwa kawaida huambiwa asiinue tena mzigo uzidio kilo 5 kwa mkono huo. Mkulima afikiri vema kabla ya kukubali.

Kisu kina hatari zake pia: usaha, ganzi ya vidole, vyuma kulegea au kuchoma chini ya ngozi hata vikaondolewa baadaye. Ni haki ya mgonjwa kuuliza: Mfupa wangu umevunjika namna gani? Bila kupasuliwa itakuwaje?

Mashauri kwa jamaa

Msikande kiwiko kilichovunjika, wala msikivute. Msikifunge vijiti kwa kukaza: damu ikizuiwa, mkono wote waweza kuoza. Utegemezeni kwa kitambaa jinsi ulivyo, mkaende kupiga picha ya mionzi, ile watu wengi huiita radio. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, au mfupa ukitoboa ngozi, msingoje kesho.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: mvunjiko uliokaa majuma mengi ni mgumu sana kurekebishwa.

Na baada ya kupasuliwa, kazi yabaki kwa mgonjwa na jamaa zake. Mganga akisema mkono utembezwe, utembezwe kila siku, ijapo wauma kidogo, bila kuulazimisha. Si lazima unyoke kabisa. Ukiweza kukunjika vya kutosha kufika kinywani na kunyoka vya kutosha kushika mpini, mwenye nao ataweza kujilisha na kufanya kazi nyingi za nyumbani mwake.