Ndoana kwenye ukingo wa Kivu

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini samaki wake wote wako juu juu. Ukipita mita 60 au 70 hakuna tena oksijeni. Chini zaidi kumejaa methani na kaboni dioksidi. Kwa hiyo pale rasi za komini ya Ibanda mjini Bukavu (Muhumba na Nguba kwa mfano) zinapoingia majini, ule ukanda wa maji ya magotini wenye mawe na majani una thamani kuliko ukubwa wake. Mvuvi wa ndoana anaujua kwa miguu. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, huwahi kabla upepo haujachafua maji. Husimama akitazama jua ili kivuli chake kianguke nyuma, hainui mkono bila sababu, na jiwe likisogea chini ya unyayo wake hungoja, kwani samaki wa maji mafupi huhisi kishindo kabla hajamwona mtu. Wamo ngege, na yumo samaki wa jamii ya kapi mwenye sharubu, ambaye mwanazoolojia Boulenger alimpa jina la kisayansi mwaka 1900 kutokana na samaki wa eneo hili hili. Sharubu hizo hupapasa chakula kabla mdomo haujafunguka, na mvuvi akivuta mapema amempoteza. Ulaya na Marekani watu huvizia kapi hivyo hivyo kwa ndoana ya manyoya, kwa starehe. Hapa ni mboga ya jioni, na hilo halipunguzi ustadi hata kidogo.

Watu watasema ndoana haiwezi kulisha Bukavu, na ni kweli. Bugali wa mji huu unateremka kwa sambaza, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaovuliwa usiku kwa taa na wavu unaoning'inia kati ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Lakini sambaza wachanga nao hukulia ukingoni kabla ya kwenda maji makuu. Anayekokota chandarua cha mbu kwenye maji ya magotini anakomba mavuno ya wale wa taa, ilhali ndoana humwacha kila samaki ambaye mdomo wake bado mdogo. Wengine watajibu kwamba mwenye chandarua ana njaa. Njaa yake ni ya kweli. Hata hivyo, hakuzingira ufuo kwa kuta za nyumba, wala si yeye aliyeufanya mto Kawa ushushe takataka za mji hadi ziwani, wala chupa za plastiki zinazoziba mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi si zake peke yake. Ng'ambo, Rwanda hufunga uvuvi wa Kivu kwa muda kila mwaka ili samaki wapumzike, lakini samaki hawajui mpaka. Upande wa Ibanda, anayepaswa kuulinda ukanda huu ni nani: kamishna wa mazingira, chama cha wavuvi, au mwenye ukuta uliofika majini? Na likija agizo la kuzuia vyandarua, mwenye ndoana atafukuzwa pamoja nao?